Marehemu Yakub na Likizo Yangu ya Krismasi

Jumatatu, tarehe 15 Desemba

Shajara hii inasema leo ni Jumapili. Si kweli. Ni shajara ya mwaka jana. Mzee Nyamhanga, mwajiri wangu, alinipa kama zawadi ya Krismasi iliyopita, mwaka ukiwa umebakiza siku chache tu kwisha. Alisema nisijali, tarehe ni zile zile, siku nitarekebisha kwa kalamu. Kisha akauliza kama hiyo kalamu ni ya duka.

Leo nimeomba likizo! Yaani, karibu niombe. Tangu Ijumaa nimekuwa nikifanya mazoezi stoo, mbele ya magunia ya simiti. Magunia yalinisikiliza vizuri sana. Mke wangu Metrine yuko kwetu Karungu, kwa mama, na mtoto wetu wa kwanza anatarajiwa Krismasi. Nimemwahidi nitakuwepo. Nimeapa, hata. Basi nikasimama mbele ya mzee, nikasema yote: mke, mtoto, Karungu, barabara, mvua. Neno likizo lenyewe likabaki halijasemwa. Mwishowe akalitamka yeye mwenyewe. Alisema hakuna likizo.

Sababu zake alizitoa bila kuinua macho. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Nairobi. Wanalala siku ya kwanza, mvua inawanyeshea kitandani, asubuhi wanakuja Kehancha kununua mabati. Anayefunga duka la vifaa vya ujenzi siku ya Krismasi apelekwe akapimwe kichwa. Akauliza pia kama mimi ndiye mkunga. Nikasema hapana, mzee. Akasema basi, nirudi kwenye kiti changu.

Cliff, mtu wetu wa stoo, alicheka nyuma ya wilbaro. Nilimsikia. Cliff anakitaka kiti changu. Ndicho kiti pekee dukani chenye egemeo.

Nitabuni njia. Sikusoma bure.

Jumanne, tarehe 16 Desemba

Njia: kuugua.

Nilikuja na sweta mbili na shali la Metrine. Nikatetemeka kuanzia mlangoni. Nilitetemeka vizuri, hata mteja mmoja wa misumari akanipa pole na kusogea mbali. Mzee akaja, akanigusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayepima nyanya sokoni. Akasema ni malaria. Moyo ukaruka! Akasema dawa ya malaria ni jasho.

Lori la simiti lilikuwa limefika. Nilishusha magunia na Cliff hadi saa sita, nikiwa na sweta mbili.

Baadaye mzee alinipa kidonge, nusu. Nusu nyingine akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akaiweka mfuko wa shati, akasema itamfaa mgonjwa mwingine. Cliff aliniambia "pole sana, msomi," akiwa amekalia kiti changu, miguu juu ya meza yangu.

Sasa mgongo unaniuma kweli. Kuugua kumekuja baada ya kazi, siyo kabla. Mpangilio mbaya.

Jumatano, tarehe 17 Desemba

Njia ya pili: nyimbo. Moyo mgumu hulainishwa na nyimbo, nilisoma mahali.

Nilimwomba Phanice, anayefundisha kwaya ya vijana kanisani, awalete mbele ya duka waimbe za kuzaliwa kwa Mtoto, hasa ule wimbo wa kukosa nafasi nyumba ya wageni. Niliona mzee ataelewa: mama mjamzito, safari, mtoto. Ni kama Metrine kabisa, ila Metrine hana punda.

Waliimba vizuri mno. Mama mmoja aliyekuja kununua rangi alifuta machozi. Nikachungulia. Midomo ya mzee inacheza! Anafuatisha! Akainuka. Akatoka nje. Nikashika meza.

Akamuuliza Phanice wanaweza kuimba muda gani bila kupumzika. Phanice, kwa fahari, akasema hata siku nzima. Mzee akawashika mabega kwa upole, akawavusha barabara, akawapanga mlangoni kwa mshindani wetu, anayeuza mabati kama sisi, akawaomba waimbe hapo, wakaribiane, wasiache mwanya. Wateja wa yule jamaa walishindwa kuingia. Wakaja kwetu.

Ilikuwa siku nzuri ya biashara. Phanice amesema tusisalimiane tena.

Alhamisi, tarehe 18 Desemba

Nimepata! Na safari hii si malaria.

Nilikuwa kwa Bi Mwanarusi nikinywa chai. Ana kibanda cha chai na mahamri ubavuni mwa duka letu. Lazima nieleze habari ya bango. Bango la duka letu limeandikwa NYAMHANGA NA. Linaishia hapo. Wageni husimama barabarani wakauliza, na nani? Zamani liliandikwa NYAMHANGA NA YAKUB. Mzee Yakub alikuwa mshirika wake, na Bi Mwanarusi ni mjane wake. Hawakujaliwa mtoto. Yakub alipofariki, mzee aligundua kwamba bango hutozwa ada kwa ukubwa wake. Akachukua msumeno wa duka, akalikata katikati. Nusu ya YAKUB ilitupwa nyuma. Bi Mwanarusi aliiokota, akaipangusa, akaifanya meza ya mahamri. Tangu hapo yeye na mzee hawajasemeshana, na ukuta kati yao ni wa mabati tu.

Basi niliweka kikombe juu ya herufi K, na wazo likanijia. Mzee Nyamhanga haogopi aliye hai hata mmoja, hata watu wa kodi. Lakini maiti je?

Yakub atanijia ndotoni. Atasema: Nyamhanga, funga duka Krismasi, waache wafanyakazi waende makwao, uwe na mkono wazi kabla hujachelewa. Nzuri sana! Na marehemu hawezi kuitwa kutoa ushahidi.

Mimi sikumwona Yakub hata siku moja, nimeajiriwa baada yake. Kwa tahadhari nikamuuliza Bi Mwanarusi alikuwa mtu wa namna gani. Palikuwa na foleni ya boda boda wakitaka chai. Akasema alikuwa mtu mzuri, nisogeze kiwiko, nataka mahamri au nataka hadithi?

Haidhuru. Mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara. Nimempa kofia nyeupe, fimbo, na harufu ya karafuu. Hiyo inatosha.

Ijumaa, tarehe 19 Desemba

Nimefanya. Mungu anisamehe. Nimefanya na imekwenda vizuri na imekwenda vibaya.

Nilimwambia mzee asubuhi, kabla Cliff hajafika. Sauti ilikuwa ya panya. Nikasema, mzee, usiku nimejiwa na mtu. Kofia nyeupe. Fimbo. Karafuu. Akaacha kunyoosha msumari. (Misumari iliyopinda tunainyoosha, tunaiuza kama mipya.) Akanitazama muda mrefu. Akauliza, fimbo? Nikasema ndiyo, mzee, alikuwa akichechemea. Akauliza, na karafuu? Nikasema harufu ilijaa chumba.

Akaweka nyundo chini. Kisha akasema polepole: "Yakub."

Nikatoa ujumbe wote. Duka, Krismasi, mkono wazi. Nikamaliza, jasho likinitiririka. Mzee akauliza jambo moja tu. Yakub alikuwa Mwislamu, sasa Krismasi inamhusu nini?

Sikuwa nimefikiria hilo! Nimefikiria kofia, sikufikiria hilo! Nikasema labda huko waliko wanachanganyika.

Akatikisa kichwa. Akasema marehemu hasafiri umbali wote huo kwa ajili ya likizo ya karani. Akauliza kama ni kweli mke wangu ni mjamzito. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni mimi nilijiwa, si mtu mwingine. Nikasema ndiyo. Macho yakaanza kumlowa. Akasema, kijana, wewe umesoma lakini hujui kusikia. Marehemu akimjia mtu ambaye mke wake ana mimba, anataka kitu kimoja. Anataka jina.

Najua! Najua tangu nikiwa mdogo! Kwao Wakuria ni hivyo, kwetu Wajaluo ni hivyo, mimi mwenyewe nilipewa jina la babu aliyemsumbua mama ndotoni mwezi mzima! Nilikumbuka karafuu na nikasahau hili!

Mzee akasema nimepewa likizo. Duka litafungwa. Yeye mwenyewe atakuja Karungu kushuhudia Yakub akirudi duniani.

Nilisema asante. Ningesema nini?

Jumamosi, tarehe 20 Desemba

Jambo ambalo sikuandika jana, kwa kuwa sikutaka kuliona limeandikwa: jina la mtoto lilikuwa limeshachukuliwa.

Baba yangu, Odira, alifariki mwaka jana. Mama anamngoja. Kila nikipiga simu ananiuliza kama amenijia ndotoni. Nasema bado. Juzi alisema anashangaa, maana marehemu alikuwa mtu wa kuwahi.

Nimempigia leo. Nilitaka kumweleza pole pole. Nikasema, mama, nakuja Krismasi! Akapiga kigelegele. Nikasema, nakuja na mzee Nyamhanga. Akapiga kingine. Nikasema, kuna habari kidogo kuhusu ndoto. Akaitupa simu chini, nikamsikia akikimbia uani akiwatangazia majirani kwamba Odira amekuja! Amemjia mwanangu Oliver! Aliporudi kwenye simu alikuwa analia. Alisema, wuoda, mwanangu, sasa naweza kulala. Nikakata simu. Nilisema ni mtandao.

Hapo hapo Cliff naye akaota.

Sijui alisikia wapi. Alimjia mzee mchana, kifua mbele, akasema Yakub amemtokea pia, akamwambia kiti chenye egemeo apewe Cliff. Mzee akamuuliza kama ana mke. Cliff akasema hana. Mpenzi mwenye mimba? Hana. Mzee akauliza kwa ukali sasa Yakub alimjia kutafuta nini, nyundo? Akampa ufagio.

Kwa muda nilifurahi. Kisha nikakumbuka mama.

Jumatatu, tarehe 22 Desemba

Nimejaribu kuifuta ndoto.

Nilimwambia mzee kwamba Yakub alirudi jana, akasema amebadili mawazo, hahitaji jina tena, ahsante, likizo inatosha. Mzee akasema wanaobadili mawazo ni walio hai. Marehemu hana cha kufikiria upya. Akasema labda sikumsikia vizuri kwa sababu ya kikohozi changu. Sina kikohozi. Akanipa ile nusu ya kidonge.

Ninaogopa. Mzee si mzee tena. Leo asubuhi aliweka sukari kwenye chai ya wafanyakazi. Cliff alikunywa, akashtuka, akaenda kunong'oneza sokoni kwamba mzee anakufa. Adhuhuri watu walianza kuja kumwangalia. Mmoja alileta kuku. Mzee akamrudishia kuku na kumwongezea kilo ya misumari, mipya, iliyonyooka tangu kuzaliwa. Hapo kila mtu akaamini ni mwisho.

Halafu akatoka, akaenda kibanda cha Bi Mwanarusi. Nikabana sikio kwenye mabati. Cliff akabana lake chini ya langu.

Alimwita shemeji. Tukasikia Bi Mwanarusi akiendelea kukoroga chai. Akasema, shemeji, nataka kile kipande cha bango. Bi Mwanarusi akamwambia hiyo ni meza, na mezani watu huketi wakanywa chai. Kisha tukasikia benchi likilia. Ameketi! Bi Mwanarusi akamwambia kwamba kila Idi Yakub alikuwa akimbebea mzee paja la mbuzi hadi mlangoni kwake, na Krismasi zote yeye hakuvuka ukuta huu na hata ndizi. Mzee akasema ni kweli. Akasema tena, kwa sauti ndogo sana, ni kweli, shemeji. Bi Mwanarusi akasema, kunywa chai inapoa.

Cliff alikuwa anafuta macho. Alisema ni vumbi la simiti. Mimi pia lilikuwa ni vumbi.

Lakini huu si wema wake tu sasa. Wema huu wote umekaa juu ya uongo wangu, kama nyumba juu ya mche wa muhindi!

Jumatano, tarehe 24 Desemba

Karungu. Tumefika, tukiwa hai.

Tulikuja na pikapu ya duka. Mbele mzee na Bi Mwanarusi. Nyuma mimi, Cliff, na fahali. Ndiyo, fahali! Mzee alimnunua Kegonga, na inasemekana hakulalamikia bei hata mara moja, mwenye ng'ombe akaingiwa na hofu akampunguzia mwenyewe. Kazi ya Cliff ilikuwa kushika kamba. Kazi ya fahali ilikuwa kunikanyaga.

Tabia haiishi kwa siku moja. Kila mteremko mzee alizima injini ili kuokoa mafuta. Tuliteremka kuelekea ziwani kimya kimya kama kanisa linalohama, fahali akinipumulia shingoni. Bi Mwanarusi alikuwa akisoma dua kwa sauti.

Nyumbani mama alitupokea na kitenge kipya. Aliyenisalimia kwa kunikumbatia alikuwa mama; aliyeniuliza kwa macho alikuwa mama vilevile. Mzee akamwambia, mama, tumekuja kwa ajili ya jina. Mama akasema karibuni sana, jina linawangoja. Wakashikana mikono muda mrefu, wote wawili wakilia kwa furaha, kila mmoja na marehemu wake. Nilikaa katikati yao nikitabasamu. Mashavu yanauma.

Metrine alikuwa ameshapelekwa zahanati. Nikakimbia. Nilifika! Niliahidi na nikafika! Muuguzi akanitoa nje mara moja, akasema ninahema kuliko mzazi. Nikasimama mlangoni. Jua lilikuwa bado halijazama nilipomsikia mtoto analia.

Ni mvulana. Ana mapafu.

Alhamisi, tarehe 25 Desemba

Krismasi. Nitaandika yote ilivyotokea, kisha nilale.

Asubuhi Mubarak, mwenye duka la nguo hapa senta, alikuja kuchinja fahali, ili Bi Mwanarusi na Waislamu wa senta nao wale. Mzee ndiye aliyesisitiza. Nilimsikia akimweleza Mubarak kwamba ana madeni ya paja. Kijiji kizima kilikuja. Kisha mvua ikaja pia.

Tukaingia nyumbani kwa mama. Metrine alikuwa ameketi kitandani, amerudi na mtoto asubuhi hiyo kutoka zahanati, amechoka, mrembo, na macho yake yalinifuata kama ya mwalimu wa zamu. Nyumba yetu inavuja pembeni. Mzee alihamisha kigoda. Ikavuja hapo pia. Akahamisha tena. Akatazama juu kwa jicho la kazi, akahesabu mabati kwa midomo.

Mtoto akaanza kulia.

Sasa wakati huo ndio wa jina. Mtoto akilia, unamwita majina ya waliotangulia, na akinyamaza, huyo ndiye aliyerudi. Mama akainama juu yake. Lakini mzee alikuwa karibu zaidi. Mzee akaita kwa sauti ya duka: "Yakub!"

Mama akageuka. Akauliza, Yakub ni nani?

Mimi nilikuwa natazama mlango. Mlango ulikuwa umezibwa na Cliff, mdomo wazi, mfupa mkononi.

Mzee akamweleza ndoto. Kofia. Fimbo. Karafuu. Bi Mwanarusi alisikiliza huku amenikazia macho, midomo imebana. Mama akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza mimi, si kwa hasira, afadhali angekasirika. Wuoda, na baba yako je? Hakuja?

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema kweli. Ilikuwa imefika kwenye meno. Na hapo mtoto akanyamaza.

Nyumba nzima ikageuka. Metrine alikuwa amempa ziwa la kushoto. Akasema, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote, mzee ameita Yakub na mtoto amenyamaza. Mzee akafunika uso kwa kofia yake. Bi Mwanarusi akakaa chini kwenye mkeka, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama alisimama palepale. Alikuwa anajaribu kutabasamu kwa ajili ya wageni. Sitasahau.

Kisha Metrine akamtoa mtoto ziwani. Mayowe! Akamwambia mama, mama, na wewe ita. Mama akaita, karibu haikusikika, Odira. Metrine akamhamishia ziwa la kulia. Kimya! Mama akaita tena, kwa nguvu, ODIRA, na mtoto akanyonya kama mtu aliyekuwa safarini.

Mama akapiga kigelegele kilichosikika hadi kwa wavuvi ziwani. Mzee akainuka, akampa mkono. Akasema kumbe walikutana njiani, wakaja pamoja. Mama akasema Odira alipenda mwenzi wa safari. Mtoto anaitwa Yakub Odira. Watu wakaimba. Cliff akaimba sauti ya tatu ambayo haipo.

Nilipoinama kumbusu mtoto, Metrine aliniambia sikioni kwamba katika ndoa yetu yote hajaniona nikiota hata mara moja. Nikilala ni gunia la simiti. Nikauliza sasa alijuaje la kufanya. Akasema, "Oliver, nina maziwa mawili. Ningeyaacha yakae bure?"

Kabla ya kuondoka mzee alitangaza kwamba Yakub hawezi kunyeshewa tena baada ya safari ndefu hivyo. Paa zima jipya, mabati ya geji nzito, na misumari. Cliff atayaleta na kuyapiga.

Cliff aliacha kuimba.

Ijumaa, tarehe 2 Januari

Kehancha. Shajara mpya! Mzee amenipa ya mwaka huu! Inasema leo ni Ijumaa na leo ni Ijumaa. Nimeiangalia mara nyingi. Lakini namalizia kwanza hii kwenye karatasi za nyuma, zisipotee bure.

Bango limeunganishwa. NYAMHANGA NA YAKUB, na katikati alama ya msumeno bado inaonekana. Juu ya YAKUB kuna duara la kikombe changu. Bi Mwanarusi amepewa meza halisi, na mzee hunywa chai kwake kila siku, na analipa. Asubuhi hii palikuwa na foleni mlangoni ya watu waliomwota Yakub. Wengi Yakub alikuwa amewaambia wapewe simiti. Mzee aliwasikiliza wote, akawapa chai yenye sukari, akawarudisha makwao.

Kiti changu kiko salama. Mzee aliwanunulia wafanyakazi wote viti vya egemeo. Ningepaswa kutosheka. Nilikuwa nimetosheka kabisa hadi saa nne.

Saa nne Cliff alipewa pikipiki.

Pikipiki! Nyekundu! Ya kupelekea wateja bidhaa, eti kwa sababu alimshika fahali hadi Karungu bila kulegeza kamba na akapiga paa la mama vizuri. Na nani alikanyagwa na huyo fahali? Na ndoto ilikuwa ya nani? Amepita mbele ya dirisha langu akipiga honi, ameniita "msomi." Karungu ni mbali. Ningekuwa na pikipiki ningemwona mwanangu kila Jumapili. Namwambia nani?

Jioni mzee aliniita tuketi chini ya bango. Alizungumza mambo ya ajabu. Alisema Yakub hakuvaa kofia dukani hata siku moja, angeivaaje na vumbi la simiti. Fimbo hakuwa nayo, alibeba magunia hadi wiki aliyofariki. Karafuu zilimpigisha chafya. Alisema tangu wamzike hakuna mtu Kehancha aliyethubutu kumtajia jina hilo, na yeye mwenyewe aliona haya kulianza. Alikuwa akingoja mtu yeyote aje na sababu yoyote. Akanipiga bega, akanishukuru.

Nikasema karibu, mzee.

Sikuelewa vizuri. Nadhani uzee umeanza kumchanganya. Amesahau kabisa sura ya rafiki yake! Masikini. Ni bahati kwamba mimi naikumbuka.

Nimelifikiria kwa tahadhari zote, sina papara. Kesho asubuhi, kabla Cliff hajafika, nitamwambia mzee kwamba Yakub amenijia tena. Safari hii alikuwa amevaa helmeti.